Mluzi Ndani ya Mkono

Daktari wa mishipa alikuwa ameunganisha ateri na vena kwenye mkono wa kushoto wa fundi bomba, ili vena ipanuke na kuweza kuchomwa sindano nene za mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Hadi vena ikomae, damu ingeendelea kupitia mrija uliochomekwa shingoni, na mrija huo ulikuwa umeshamtia homa mara mbili. Maambukizi mengine, aliambiwa, yangeweza kufika kwenye moyo.

Daktari alieleza kwa ufupi. Ukuta wa vena ni mwembamba kwa sababu haujazoea msukumo mkubwa. Ukisukumwa na damu ya ateri, seli zake za misuli huhisi kuvutwa, zikaongezeka na kujipanga kuuzunguka mshipa kama pete. Lakini karibu na mshono uliounganisha mishipa hiyo, ambapo damu hupita kwa vurugu, seli hizohizo huweza kuhamia ndani na kubana njia.

Tangu hapo fundi hakutulia. Aliminya mpira wa mazoezi wa kukuza vena akila, akiongea, akitazama habari. Kila mara aliuinua mkono sikioni kusikiliza mvumo wa damu ikipita, na shemeji yake, aliyeishi naye na mkewe, hakuacha kumtania.

"Wanasemaje huko, shem? Mtandao upo?"

"Wanauliza utaoa lini."

Kisha mvumo ukabadilika. Ulikuwa mzito, kama mota iliyo mbali. Sasa ukawa mwembamba, wa juu. Mke wake aliusikiliza akafurahi, akasema damu imepata kasi. Shemeji akaafiki. Fundi aliwaitikia, akauminya mpira kwa nguvu zaidi.

Alikuwa amefungua mabomba ya kutosha kujua maji hupiga mluzi wapi. Bomba pana halipigi mluzi. Asubuhi nzima alitoka nje, akarudi, akavaa viatu, akavivua. Miadi ilikuwa wiki iliyofuata. Akienda leo huenda angeambiwa mkono umeharibika. Asipokwenda, angeweza kuuhesabu mzima kwa siku chache zaidi.

"Baba watoto, unatafuta nini?" mke wake aliuliza.

"Njia imebana," alisema. "Ile siyo nguvu. Twende hospitali."

Kipimo kilionyesha kwamba sehemu kubwa ya vena ilikuwa imenenepa vizuri. Karibu na mshono, uwazi ulikuwa umebaki kama uzi. Daktari alisema angechelewa kidogo damu ingeganda humo. Alasiri hiyo aliingiza puto dogo mshipani, akalijaza, njia ikafunguka.

"Seli zitajazana tena?" fundi aliuliza.

"Zinaweza. Kupanua nako ni kuzivuta, na lazima zitajibu. Zitajibu vipi, bado hatujui."

Siku ya zamu yake ya kusafishwa damu aliunganishwa na mashine kupitia mrija wa shingoni, kama kawaida, kwa kuwa mkono ulikuwa bado. Nesi alimwambia zaidi ya mara moja aache kutikisa mguu, kitanda kinalia. Alisema sawa. Kitanda kikaendelea kulia.