Siku Datsun ya Mzee Iliposimama

Nerima alikuwa ameikanyaga breki ile mpaka akaanza kuiota. Na si kwamba alikuwa anakwenda mahali, wapi! Datsun ilikuwa juu ya mawe nyuma ya ploti yao huko Lucky Summer, Nairobi, magurudumu yamevuliwa, na yeye ameketi kwenye usukani, leso kiunoni, akitii amri kutoka chini ya gari. "Kanyaga!" mumewe Wekulo anapaza sauti, naye anakanyaga. "Shikilia!" Anashikilia. Wekulo analegeza kiskurubu cha kutolea upepo, mafuta ya breki yanatoka yakitema mapovu, anakaza tena. "Achia!" Majirani walishaujua wimbo huo wote. Mtu akipita na ndoo yake anaimba, "Kanyaga, Mama Caleb!" na Nerima anakanyaga kweli kabla ya kukumbuka kwamba huyo si Wekulo.

"Imeshika?" Wekulo aliuliza kutoka chini.

"Imezama. Inazama kama kidole kwenye uji."

"Uji mzito ama mwepesi?"

"Wa mgonjwa, Baba Caleb. Tena mgonjwa mahututi."

Wekulo alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye chuma, akatukana kidogo kwa Kibukusu, akacheka tena. Nyumba hiyo ilikuwa hivyo. Mambo yakiharibika, ndipo kicheko kinapoanza.

Tuseme ukweli, gari lile na breki hawakuwahi kupatana. Lilikuwa la babake Nerima, Mzee Simiyu wa Chwele, karani wa ushirika, mtu wa kofia na tai hata shambani. Kuliendesha alijua, tena kwa madaha. Kulisimamisha ndiko kulikomshinda. Akikaribia nyumbani alizima injini mapema, akaliacha lijiendee mpaka likumbatie ua wa michongoma, na ua huo ulikuwa na shimo la ukubwa wa Datsun kabisa. Mkewe, Nabalayo, aligoma kata kata kuingia humo. "Nitapanda siku itakaposimama yenyewe, bila kusaidiwa na mti," alisema. Na mzee kila Krismasi aliahidi: mwaka ujao nitatengeneza breki, mama, nikupeleke Nairobi uone majumba. Injini ikafa, na mzee naye akafa. Kuku wakahamia kiti cha nyuma.

Nerima alipokwenda kulichukua na lori, mamake alitoa mayai kwenye kiti, akayaweka kwenye leso, akalipiga gari kofi dogo kwenye paa. "Haya, mpeleke," alisema. "Yeye na ahadi zake."

Maneno hayo yalimwingia Nerima yakakaa. Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja tu duniani: mamake apande gari la marehemu mumewe, aone Nairobi, na gari lisimame.

Wekulo alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha blanketi Baba Dogo, na kwake injini iliyokufa ilikuwa sherehe. Alipata nyingine kutoka kwa Nissan iliyogongwa nyuma. Yeye na rafiki yake Austine, fundi wa jua kali kutoka Huruma, wakaining'iniza kwa mnyororo kwenye miti mitatu, wakaiteremsha ndani ya Datsun polepole wakiishangilia kwa nyimbo za kanisani. Siku ilipowaka, moshi ulitoka, mbwa wakakimbia, na Wangu, jirani aliyeuza sukuma wiki langoni, akapiga vigelegele bila kujua anashangilia nini.

"Lakini omera, ndugu yangu," Austine akasema, "injini kubwa inataka breki kubwa." Basi wakavua breki za mbele za ile Nissan pia: diski mbili na kalipa mbili, yale mabonge ya chuma yanayoibana diski ili gurudumu lisimame.

Sasa, Lucky Summer ya miaka hiyo ya tisini, ukilaza chuma nje, kesho yake unakikuta kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, tena anakuuliza kama ungependa kukinunua. Kwa hiyo kalipa zililala ndani, uvunguni mwa kitanda, zikisubiri mabomba ya mafuta. Wekulo alikuwa na mpango wake. Alijilaza chali kitandani, viatu vyote, akatangaza, "Mimi ndiye gari. Kichwa changu boneti. Ya mkono wa kulia inalala upande wa kulia, ukutani. Ya kushoto inalala kushoto, huku nje. Hakuna haja ya alama." Nerima akamwambia boneti lake linahitaji kunyolewa.

Jumatatu habari ikafika kupitia binamu yake Nerima wa Huruma. Mama anakuja! Anapanda basi la usiku, Jumapili asubuhi anashuka Machakos Airport, kile kituo cha mabasi kinachoitwa hivyo ingawa ndege haijawahi kutua hapo. Atalala Huruma, lakini atapitia kwa Nerima kunywa chai. Nerima aliruka akamkumbatia Wangu, mafungu ya sukuma yakaanguka.

"Nitamchukua na Datsun," akasema. "Nitaendesha mwenyewe."

Na nani mwingine angeendesha? Wekulo hakuweza. Kwao Bukusu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono, sembuse kubanana ndani ya Datsun magoti kwa magoti. Nerima alikuwa na leseni yake, kile kitabu chekundu, ameipata mwaka huo huo na hajaitumia hata siku moja.

Kisha akaitazama nyumba yake na moyo ukamruka. Chumba kimoja, pazia katikati, huku viti, huku kitanda. Na pazia lenyewe lilipenda kupepea. Mama mkwe akione kitanda cha mkwe wake? Mungu apishe mbali! Jumanne, Wekulo akiwa kazini, alimwita Wangu wakakigeuza kitanda, kichwani kukawa miguuni, ili ule ubao mkubwa wa kichwani usimame nyuma ya pazia na kuficha magodoro. Vya uvunguni hawakuvigusa. Nani ana mgongo wa kuhamisha vyuma vya Wekulo?

Jumatano Wekulo alirudi na mabomba. Akajilaza chali, akanyoosha mkono wa kulia uvunguni, akatoa kalipa. Akanyoosha wa kushoto, akatoa ya pili. Akaenda kuzifunga huku akipiga mluzi.

Tangu hapo ikawa ni uji. Walishuku bomba linavuja, wakapangusa kila kiungo kwa kitambaa cheupe, kikavu. Walishuku masta, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta, wakaweka mipira mipya. Uji. Walibana breki za nyuma. Uji. Walitoa upepo, wakatoa tena, mguu wa Nerima ukavimba, na bado.

"Labda mafuta ni mabaya," alisema Wekulo.

"Labda mguu wa Mama Caleb ni mwepesi," alisema Austine.

"Njoo nikukanyage nao, shemeji, uupime uzito," alisema Nerima.

Ijumaa Wekulo alipoteza subira. Akarudisha magurudumu, akamketisha Nerima kando yake, akasema wajaribu hivyo hivyo, polepole, mpaka dukani tu. Datsun ilitoka ploti kwa heshima zote. Mbele kulikuwa na kimteremko kidogo, hivi tu, cha watoto kuteleza juu ya karatasi. Wekulo akakanyaga. Akakanyaga tena. "Papa wee!" akasema kwa sauti ndogo.

"Shika gari!" mtu akapaza sauti, na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Wangu aliruka na beseni lake kichwani, "Ngai, Ngai!" Mbuzi wakapisha. Wekulo alivuta breki ya mkono, ikang'oka ikabaki mkononi. Mwisho Datsun ikaingia kwenye rundo la mchanga wa mtu aliyekuwa anajenga, ikazama mpaka kwenye taa, ikatulia. Kisha Nerima akaanza kucheka, Wekulo akadakia, wakacheka mpaka machozi, huku watu wakiwachimbua kwa sepetu.

Lakini jioni hiyo Wekulo alisema bila kucheka, "Mama Caleb, Jumapili mchukue na teksi. Siwezi kukuacha uingie barabarani na kitu hiki."

"Hapana."

"Itakuua. Itamuua na mama."

Nerima alijua mumewe anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Alimwona mamake pale kituoni na kikapu chake, akitafuta Datsun kwa macho, kisha akisema ile sentensi yake kuhusu ahadi. Alilia kidogo kwenye leso, akajifanya ni vitunguu.

Jumamosi adhuhuri alichoka kabisa. Akavua malapa, akajitupa kitandani. Baada ya muda Wekulo, aliyekuwa nje na Austine, akaita, "Mama Caleb, njoo tujaribu mara ya mwisho," naye, bado amelala chali na macho amefumba, akateremsha mkono wa kushoto kutafuta malapa yake pale yanapokaa siku zote.

Mkono ukagonga ukuta.

"Ala!" Tangu Jumatano alikuwa akiugonga ukuta huo kila asubuhi. "Malapa yako pale pale," akanung'unika, "ni mimi niliyegeuka na hiki kitanda." Kisha akafungua macho. Akaketi. Akatazama mkono wake wa kulia, akatazama wa kushoto. Mimi ndiye gari. Kichwa changu boneti.

Alitoka mbio na lapa moja, akipiga kelele ambazo Wangu alizidhania za mwizi, akachukua mwiko kabisa. "Baba Caleb! Umefunga ya kushoto kulia! Na ya kulia kushoto! Uligeuka!"

"Nani aligeuka?"

"Wewe! Boneti! Kitanda kiligeuka na wewe ndani yake!"

Ilimbidi aeleze mara mbili kwa sababu ya kicheko. Vyuma havikusogea. Kitanda ndicho kilichogeuzwa, kwa hiyo mkono wa kulia wa Wekulo ukaokota kalipa iliyokuwa ya kushoto. Wekulo alipiga magoti kando ya gurudumu akatazama kile kiskurubu cha kutolea upepo. Kilikuwa chini kabisa ya kalipa, kinatazama ardhi.

"Upepo hupanda juu," Nerima akasema. "Hata kwenye uji mapovu hupanda juu. Nyinyi mmekuwa mkiutafuta chini!"

"Mimi niliona kiko chini," Austine akasema polepole, "nikasema, Wajapani hawa wana akili, wamekiweka chini ili fundi asisumbuke kuinama."

Hapo wote watatu wakalala mavumbini. Wangu akasimama na mwiko wake akiuliza, "Sasa mwizi ni yupi?"

Wakabadilisha kalipa, viskurubu vikatazama mbinguni. Kanyaga! Shikilia! Upepo ukatoka ukikoroma, ukatoka, ukatoka, kisha mafuta matupu, safi. Nerima akakanyaga tena. Pedeli ikashuka kidogo, ikakataa.

"Imeshika?" Wekulo akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kusikia.

"Ugali!" Nerima akapaza sauti. "Ugali wa wimbi, Baba Caleb! Ugali wa matanga!" Ploti nzima ikapiga makofi. Wakaipeleka kwenye kile kimteremko mara nyingi, na kila mara ikasimama kabla ya mchanga, na mwenye mchanga alikuwa wa kwanza kushangilia.

Jumapili asubuhi Nerima alishuka Juja Road akiendesha Datsun. Mamake alikuwa amesimama kando ya basi, jogoo kwapani, kitambaa cheupe kichwani. Nerima alikuja moja kwa moja, akakanyaga, na Datsun ikasimama hatua moja mbele ya viatu vyake.

Mama alitazama gurudumu. Akainama akatazama mbele ya gari, akazunguka akatazama nyuma.

"Unatafuta nini, mayi?"

"Mti," alisema mama.

Akapanda. Walipofika Pangani akasema, "Hebu simamisha." Nerima akasimamisha. "Haya, nenda." Mbele kidogo, "Simamisha tena." Madereva wakapiga honi, mwenye mkokoteni akawatukana, na mama anacheka kwa sauti ya msichana ambayo Nerima hakuwahi kuisikia, huku jogoo akipiga mbawa. Walisimama bure namna hiyo Juja Road nzima. Karibu na Huruma mama akaweka mkono juu ya dashibodi, akaipapasa. "Ndio Nairobi hii, Simiyu?" akauliza taratibu, na hakuwa anamuuliza Nerima.

Ploti ilikuwa imejaa watu. Wekulo, kwa adabu zake, alijificha nyuma ya tangi la maji akasalimia kutoka huko, na mama akalishukuru tangi kwa upole, akaliombea baraka. Nerima akafungua mlango wa gari. "Karibu ndani, mama. Nyumba iko tayari. Pazia nimefunga, kitanda nimegeuza, hutaona chochote."

"Ndani wapi?" mama akashangaa. "Mimi niingie nyumba ya mkwe wangu? Aka! Leteni chai hapa hapa. Mimi niko kwa mume wangu."

Kutoka nyuma ya tangi kikasikika kicheko kilichokuwa kinabanwa kwa nguvu, kikashindwa kubanwa. Nerima akaleta vikombe viwili na mkate, akampa mama chake, akaketi kwenye usukani na chake. Wakanywa wakitazama mbele, kama watu walio safarini. Na mguu wake, kwa mazoea tu, ukakanyaga breki ukashikilia.