Mfalme Asleik Ashuka Siku ya Kupaa

Asleik mwana wa Hogni, kwa neema ya Mungu na uimara wa kamba, alitawala Skarvoy miaka thelathini na mmoja. Wafalme wa kwingine huachiwa kiti na baba zao. Wa kwetu hukiteremkia. Kila Alhamisi ya Kupaa, siku ile Bwana wetu alipopanda mbinguni, mfalme wa Skarvoy hufungwa kamba ya singa za farasi, akashushwa kwenye jabali la kaskazini, akachukua yai la ndege wa majabali, akapanda nalo na kulinywa bichi mbele ya watu wote. Akirudi mikono mitupu, kiti ni cha mwingine. Na kwa kuwa kamba hushikwa na raia wenyewe, tumejaliwa wafalme wapole sana, hasa kuanzia mwezi wa Machi.

Matendo yake makuu ni mengi, na yote ni madogo. Alikwenda vitani mara moja tu, dhidi ya kisiwa jirani cha Grimsa, kugombea nyangumi aliyekufa ufukweni. Majeshi yalipokutana, nyangumi alikuwa ameanza kunuka, basi yakakubaliana kumla kwanza na kupigana baadaye. Siku ya tatu hapakuwa na askari aliyeweza kuinama kuokota mkuki wake. Asleik akatangaza ushindi. Mfalme wa Grimsa naye akatangaza wake. Hadi leo tunasherehekea siku moja.

Lakini mwaka wa thelathini mfalme alikuwa mnene kama ng'ombe mwenye mimba, na magoti yake yalisikika kanisani kabla yeye hajaingia. Mwaka huohuo Torgrim, mtoto wa dada yake na wa kwanza kukirithi kiti, alirudi kutoka Norwe akiwa na suruali nyekundu na ahadi. Alikuwa amemwahidi mfalme wa huko kwamba akikipata kiti, Skarvoy itatoa vijana ishirini kila kiangazi wakapige makasia katika merikebu zake. Torgrim hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameishi tu mahali penye ardhi tambarare.

Basi kisiwa kizima kilijua la kufanya, na hapo ndipo kilipokosea, maana kila nyumba ilidhani ni yenyewe tu iliyojua.

Asubuhi ya Kupaa mfalme akashushwa, wanaume kumi na sita kwenye kamba, mkewe Gunnvor akichungulia ukingoni. Baada ya pima tano tu, kamba ikaanza kutikisika. Gunnvor akapaza sauti.

"Asleik, unaumwa?"

"Nacheka," sauti ikatoka chini. "Mke wangu, huku kuna soko."

"Soko gani?"

"Mayai. Nimehesabu arobaini na moja kwenye mwamba mmoja. Haya ni ya kuku. Hili la bata, tena bata wa mama Thurid, namjua. Kuna lililopakwa madoa ya masizi, yanabaki mkononi mwangu." Kamba ikatikisika tena. "Na hili limechemshwa. Bado la moto."

Watu wote wa Skarvoy wakayatazama mawingu. Padri Kolman, ambaye ndiye hutunza sheria, akaficha mikono yake ndani ya joho.

"Mmesikia wenyewe," akasema Torgrim. "Huo ni udanganyifu. Kiti ni changu."

"Polepole, kijana," akasema padri. "Yai halijawa uongo mpaka lipandishwe. Mfalme anaweza kushuka zaidi, mpaka kwa ndege wenyewe."

"Pima thelathini? Kwa tumbo lile?"

"Tumbo la mjomba wako liheshimu," akasema Gunnvor. Kisha akainama. "Asleik, njoo juu. Wape kiti chao. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na kiti."

"Na vijana ishirini je?"

Gunnvor akasogea kando, kamba ipite.

"Nishusheni," akasema mfalme. "Taratibu, mimi si gunia la shayiri."

Wakamshusha. Ndege wakaruka kwa maelfu wakimtukana, na wakamfanyia mengine ambayo kumbukumbu ya mfalme haifai kuyataja. Muda mrefu ukapita. Kisha kamba ikavutwa mara tatu: yai limepatikana.

Kumi na sita wakavuta. Wakampandisha pima kumi, pima kumi na tano, halafu akakwama pale. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha nyasi na visigino vyao viliteleza. Wanawake wakashika, padri akashika, hata mama Thurid akamshika kiunoni mtu wa mwisho. Kamba ikarudi chini shubiri moja, kisha shubiri nyingine.

Mtu mmoja tu alikuwa bado amesimama na mikono kifuani. Hakuna aliyemwita. Kuvuta kwake kungekuwa kumrudishia mjomba kiti kwa mikono yake mwenyewe, na hilo alilijua kuliko sisi. Kamba ikarudi shubiri ya tatu.

"Ala," akasema Torgrim, kwa uchungu mkubwa, akaketi kwenye matope na suruali yake nyekundu, akakita visigino kwenye jiwe, akavuta.

Mfalme akatokea ukingoni, mweupe kwa mavi ya ndege, yai likiwa ndani ya shavu lake. Akalitema, akalipasua, akalinywa. Padri akatangaza kwamba Asleik ni mfalme wa Skarvoy, kisha akaenda kulala chini nyuma ya jiwe.

Asleik akatambaa hadi alipoketi Torgrim. Wote wawili walikuwa wakihema.

"Mpwa wangu," akasema, "ungeweza kungoja kidogo tu. Kwa nini umevuta?"

Torgrim alikuwa akizitazama nyama za viganja vyake vilivyochubuka.

"Mama angeniuliza ulipo."

Mfalme akafikiri. "Angekuuliza mara moja tu."

"Halafu angenisukuma nikufuate."

"Angekusukuma," akakubali mfalme, akampa mkono amsaidie kusimama. Lakini hakuna kati yao aliyeweza, basi wakakaa hapohapo.