Namba ya Dharura

Wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa na namba moja ya dharura, na aliyeiandika ni mimi.

Sikuiandika kwa ubaya. Kila Septemba, kundi la wanafunzi wa Kichina linapoingia, chuo chetu hapa Stratford kinataka majina yao, pasipoti zao, vyumba vyao na mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Kazi yangu ni kuratibu programu hiyo: miaka miwili wanasoma kwao, miwili kwetu. Chuo mshirika kilituma orodha, na kwenye safu ya mzazi palikuwa na namba ya ofisi yao, ileile kwa kila mtoto. Mkataba unasema hivyo, mawasiliano yote na familia yapitie kwao. Nikainakili mara moja, nikaibandika mara arobaini na moja, nikamaliza siku moja kabla ya muda. Jaspal, mkurugenzi wetu, alinisifu mbele ya ofisi nzima.

Jumatatu moja ya Novemba, Qiao Ruolan alianguka kwenye ngazi za maktaba. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mwanafunzi wa uhandisi, msichana mpole aliyeniita Mwalimu Miska ingawa sijawahi kufundisha mtu kitu. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani.

Jumanne asubuhi nilimkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia, nywele zimenyolewa upande mmoja. Nikasema "Ya Rabbi" kwa sauti bila kujijua. Nesi aliyekuwa akibadilisha dripu akageuka. Kitambulisho chake kiliandikwa Dinah.

"Ai! Kumbe Mswahili! Wa wapi wewe?"

"Pemba."

"Pemba kabisa! Basi leo nitasahihishwa Kiswahili mpaka nitoke jasho."

"Leo umesalimika. Niambie hali yake tu."

Akaacha kucheka. "Sitakuficha, dada. Madaktari wanahesabu siku, hawahesabu wiki. Mama yake yuko wapi?"

"China."

"Hiyo najua, si nimeona jina. Nauliza kama ameambiwa. Hiyo namba mlitupatia nimepiga mara tatu. Inashikwa na ofisi. Ofisi inaniambia asante kwa taarifa. Kwani mimi nimewapigia habari ya mtoto ama nimeagiza viti?"

Namba hiyo niliibandika mimi.

Wiki hiyohiyo ujumbe wa chuo mshirika ulikuwa London. Walikuja wakubwa wanne, wakiongozwa na mkuu wa chuo chao, kutia sahihi mkataba mpya wa miaka mitano. Sherehe ilikuwa Alhamisi saa tisa. Pamoja nao alikuja Mwalimu Tan, mama wa makamo ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tukiandikiana karibu kila siku. Yeye ndiye ofisi ile. Nilimfuata hotelini mchana wa Jumanne ileile.

"Familia ya Ruolan imeambiwa?"

"Viongozi wamearifiwa," alisema. "Familia itaarifiwa kwa wakati unaofaa."

"Wakati gani unaofaa, Mwalimu? Mtoto anakufa."

"Wakati unaofaa," alirudia, akitazama mikono yake.

Nikampelekea Jaspal habari hiyo. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza siku zote, kichwa kimeinama kidogo.

"Inaumiza, Miska. Lakini ni mwanafunzi wao, ni familia yao, na utaratibu ni wao. Wacha Alhamisi ipite."

"Alhamisi ni keshokutwa."

"Ndiyo. Siku mbili tu."

Nikasubiri. Hilo naliandika mwenyewe asije mtu akaniandikia.

Nami nilikuwa na sababu ya kutosubiri. Nilipokuwa nafanya mitihani ya stashahada Unguja, baba yangu alifariki Wete. Nyumbani wakakubaliana nisiambiwe mpaka nimalize karatasi ya mwisho. Kila jioni kaka yangu alinipigia: baba hajambo, anakusalimu, anasema usome. Nikasoma. Nikapata alama nzuri sana. Nilipofika Wete udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa. Jumanne nilijua, Jumatano nilijua, na Jumatano nzima nilichapisha vibao vya majina vya mezani, kwa herufi za Kiingereza na za Kichina.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ukumbini navipanga. Mwalimu Tan akaja kukagua. Mkuu wa chuo chao hawezi kukaa upande ule, makamu wake atangulie huyu, huyu arudi nyuma. Alivisogeza kwa ncha ya kidole bila kuniangalia. Kisha akachukua kibao chake mwenyewe, akaenda nacho dirishani, akasimama huko amenipa mgongo. Aliporudi alinikabidhi.

"Hiki kimekosewa. Chapisha kingine."

"Kimekosewa wapi?"

"Nyuma," alisema, akatoka.

Nyuma kulikuwa na tarakimu kumi na moja kwa penseli, nyembamba, na neno moja chini yake: mama.

Niliviacha vibao kama vilivyokuwa, nikachukua treni mpaka hospitali. Ilikuwa saa tano asubuhi, kwao saa moja jioni. Nilipiga nikiwa nimesimama kando ya kitanda. Mwanamke akapokea, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na kikaango kinachokaanga.

Kichina nilisoma miezi tisa Dar es Salaam. Kinanitosha kupokea wageni na kuagiza chakula. Kwa Kiswahili ningezunguka. Ningeulizia kwanza hali za nyumbani, ningesema mtoto hajisikii vizuri kidogo, ningetanguliza jina la Mungu, na mwisho wa yote hayo mama wa watu angebaki na kijitumaini cha uongo kama nilichopewa mimi. Kichina changu hakina vichochoro hivyo.

"Ruolan mgonjwa sana," nilisema. "Hospitali. London. Njoo sasa."

Kikaango kikanyamaza. Mtu alikuwa amezima jiko.

Halafu akaanza kuuliza maswali niliyoelewa nusu, na nikajibu nusu ya hiyo nusu. Dinah akaninyang'anya simu, akaiweka sikioni kwa Ruolan na kuishikilia hapo.

"Aongee na mtoto wake," alisema. "Wewe utaongea kesho."

Yule mama aliongea karibu saa nzima. Nilitambua maneno machache: kula, baridi, koti. Ruolan hakufumbua macho. Sitasema alisikia, kwa sababu sijui. Dinah alibadilisha mkono mara mbili, wagonjwa wake wengine wakamngoja, na msimamizi wake alipokuja, Dinah alimtazama tu mpaka yule msimamizi akaondoka.

Kabla ya saa tisa, baba yake Ruolan alikuwa amempata mkuu wa chuo chao kwa simu. Niliambiwa alisikika mpaka safu ya pili. Mkuu akatoka ukumbini na simu mkononi, wenzake wakamfuata mmoja mmoja kwa vyeo vyao, na kalamu mbili zikabaki mezani na vifuniko vyake. Mkataba haukutiwa sahihi.

Viza ya dharura ilichukua siku zake. Ruolan alifariki Jumatatu adhuhuri. Mama yake alitua Jumanne asubuhi.

Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi, na kila mara inatoka vilevile. Tangu alipoanguka mpaka nilipopiga simu zilipita siku tatu. Angepigiwa Jumatatu ileile angetua Jumamosi. Angemkuta ana joto.

Nilimpokea uwanja wa ndege mimi, na nikaingia naye kule chini hospitalini, chumba cha maiti. Alikuwa mwanamke mdogo, amekumbatia koti zito jekundu ambalo halikuwa la kwake. Alimfunika nalo binti yake, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Kisha akaniuliza swali moja tu, polepole ili nielewe.

"Wewe ulijua lini?"

"Jumanne," nikasema. "Jumanne iliyopita."

Nikamwomba radhi kwa Kichina, na kilipoisha nikamwomba kwa Kiswahili. Alirudi kusimama karibu na koti.

Ijumaa Jaspal aliniita. Mezani kulikuwa na barua, jina langu limeshachapwa chini yake. Ilisema nimevunja mkataba, nimewaaibisha washirika, na naomba radhi kwa dhati.

"Wewe ndiye mwandishi wetu bora," alisema. "Rekebisha lugha utakavyo. Wanachotaka ni hiyo radhi, na aya ya tatu."

Aya ya tatu ilikuwa na nafasi wazi. Hapo ndipo nilitakiwa niandike nani alinipa namba.

"Wamemuuliza Mwalimu Tan?" nikauliza.

"Amesema hajui."

"Basi hajui."

Kile kibao kilikuwa mkobani mwangu, miguuni pangu, wakati nasema hivyo. Jaspal akavua miwani, akajisugua macho. Hakuwa akifurahia, hilo namkubalia.

"Miska, nisikilize kama rafiki. Usipotia sahihi, Jumatatu huna kazi. Na kibali chako cha kuishi hapa kimefungwa kwenye kazi hii, unajua hilo kuliko mimi. Utapewa siku sitini, kisha uondoke. Kwa ajili ya barua? Mtoto ameshakufa. Fikiria wale arobaini waliobaki. Mkataba ukivunjika, nani atawamalizia masomo?"

"Nimewafikiria. Fungua mfumo, utazame safu ya dharura."

Akafungua. Nilikuwa nimewaita Jumatano, kumi kumi, na kila mmoja akaandika mwenyewe. Mama, mama, bibi, baba, mama. Namba arobaini, hakuna mbili zinazofanana.

Alipitisha macho mpaka chini, ambako palikuwa na mstari wa Qiao Ruolan na namba aliyokuwa nayo tangu Septemba. Huo sikuubadilisha. Nilitaka aione.

"Hili nalo limevunja mkataba," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Miska. Sahihi tu." Akaisukuma kalamu upande wangu. Ilikuwa moja ya zile mbili za sherehe.

Nikairudisha upande wake.

"Wa kuombwa radhi alikuwa mama yake, na nimeshamwomba," nikasema. "Nyinyi siwaombi."