Skuta Niliyoitia Mbio

Msidanganywe na wanaosema mimi, fundi Alawi, nilikuwa mtu mpole. Nilikuwa na kiburi, tena cha kijinga: sikuwahi kumwambia mteja "sijui." Baiskeli, cherehani, taa ya karabai, saa ya ukutani, ukileta napokea. Nikishindwa nilisema kifaa chake hakipatikani Moshi, mpaka kiagizwe Mombasa. Mteja anaondoka ananiheshimu, mimi nabaki najikuna kichwa.

Mwaka wa hamsini na tano, masika yakikaribia, akaja Remigius. Alikuwa karani kwenye ghala moja la kahawa hapa mjini, kijana wa Mkuu kule Rombo, suruali imenyooshwa vizuri, mtu wa maneno machache. Anasukuma skuta, pikipiki ile ndogo ya magurudumu madogo ambayo mtu anaikalia kama yuko kwenye kiti cha ofisini. Aliinunua kwa Rajendra, mwenye duka la vitambaa, aliyeshindwa kuiendesha kwa sababu ya mgongo.

"Shikamoo fundi," akasema. "Nataka unitilie mbio."

"Marahaba. Mbio za kwenda wapi? Kama ni kwa mchumba, mchumba hakimbii."

Hakucheka. Akakaa juu ya debe langu la vyuma akanieleza. Baba yake, Mzee Primus, alikuwa anaumwa tumbo mwaka mzima na sasa anakwisha. Remigius ni kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba yao na kihamba, lile shamba la migomba linaloizunguka. Miaka miwili nyuma, wazee wamekaa wanakunywa pombe ya mbege, yeye akasema mbele yao kwamba hawezi kuzeekea kwenye migomba. Mzee aliona ametukanwa mbele ya wenzake. Akamwambia asikanyage pale mpaka aitwe.

"Mama anasema baba ataniita, hawezi kufa bila kuniita," Remigius akasema. "Lakini ataniita mwishoni kabisa, fundi. Kutoka hapa mpaka Mkuu kwa skuta hii ni saa tatu, njia ikiwa kavu. Mimi nataka saa mbili. Nisipomkuta hai, nitakuwa mtu ambaye baba yake amekufa na kinyongo naye. Hilo siliwezi."

Ng'ambo ya barabara, hatua thelathini tu kutoka kwangu, alikuwepo Harbans Singh. Huyo ndiye aliyekuwa akitengeneza pikipiki za walowezi, na injini alizijua kama mtu anavyowajua wanawe. Neno la haki lilikuwa moja: nenda pale kwa Singh. Lakini nimpelekee mteja mwenyewe kwa mkono wangu? Mimi, Alawi? Nikamwambia Remigius aiache mpaka Ijumaa.

Nikaifungua. Nikaitazama kabureta, nayo ikanitazama, nikaifunga. Siku ya pili nikaifungua tena nikaifunga tena. Siku ya tatu nikafanya nilichokiweza. Bomba la moshi nikalitoa matumbo yote, likabaki tupu. Kioo cha mbele nikakitoa. Vifuniko vya ubavuni vinavyoifunika injini nikavitoa, na bati linalokinga tope nalo nikalitoa, nikijiambia kwamba nimeipunguzia uzito. Usukani nikauinamisha ili mwenyewe aendeshe ameinama. Nilipoipiga kiki, kuku wa jirani walikimbilia mpaka sokoni.

Mke wangu, Shani, alitoka jikoni na unga mikononi. "Umeitia mbio au umeitia kelele?"

"Wewe mambo ya injini unayajua?"

"Siyajui. Najua debe tupu haliachi kuvuma." Akarudi kwenye vitumbua vyake.

Remigius nilimwambia akaijaribu kwenye njia ya Kibosho. Kupanda aende taratibu ili injini izoee, akifika juu ageuze, ashuke nayo mpaka mjini mafuta yote yakiwa wazi. Kushuka, mnanielewa? Hata ndoo ukiiachia Kibosho inafika Moshi. Saa ya mwendo kwenye skuta ile ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo hakuwa na cha kumwambia kinyume. Alirudi kwangu machozi yanamtoka kwa upepo, nywele zimesimama, anacheka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku ile.

"Fundi, inapaa," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Basi jina langu likaenea. Kila jioni alipopita mjini watu waligeuka, wakaulizana nani ameitengeneza, wakaja. Katika wiki mbili nilikuwa na pikipiki tatu za watu zinangoja nizitie mbio.

Harbans naye akaja, kwa miguu, bila shari. "Alawi," akasema, "ile skuta ya Remigius, injini yake ndogo. Inataka bomba lake lilivyo. Ukilifanya tupu, nguvu inatoka, haiingii. Tambarare hataona. Mlimani itachoka. Na plagi inayowasha injini umeiacha wazi, ikipata maji inazima. Mlete kwangu, mimi nitaweka sawa, wala sitamwambia mtu."

Mtu muungwana kabisa. Mimi nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa. Akainamisha kichwa akavuka barabara kurudi kwake. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua. Naomba mlishike hilo, maana baadaye kuna watu walitaka kunitetea kwamba sikujua.

Jumamosi moja mchana, mvua imeshaanza, Remigius alikuwa kwangu anajaza upepo gurudumu la nyuma. Basi la Rombo likasimama mbele ya kibanda changu, dereva wake Ebenezeri akateremka na kikaratasi.

"Barua ya dada yako Priska," akamwambia. "Mzee anakuita. Ameanza kukuita tangu alfajiri. Mimi nageuza sasa hivi, saa nane hii, wala sisubiri abiria wa Himo. Panda twende."

Remigius alisoma kile kikaratasi mara mbili. Akalitazama basi, limejaa matope mpaka madirishani, akaitazama skuta yake. Kisha akanitazama mimi.

"Fundi, nipande basi au niende na skuta?"

Walikuwepo wateja wanne wamesimama pale, wawili kati yao wana pikipiki zao kwangu. Harbans alikuwa mlangoni kwake ng'ambo, anafuta mikono kwa tambara, anatusikiliza. Nilijua jibu. Wallahi nililijua. Nikifumba macho hata leo nawaona wale watu wanne, na sikumbuki sura zao, nakumbuka tu kwamba niliwaogopa.

"Skuta," nikasema. "Basi utalipita Himo."

Ebenezeri akapandisha mabega, akaingia kwenye basi lake, akaondoka. Remigius akafunga koti, akapiga kiki, na zile kelele zikamsindikiza mpaka mwisho wa mji. Wateja wangu walipiga makofi.

Alirudi baada ya majuma matatu, anaisukuma skuta, tope limekaukia kila mahali. Alikuwa amekonda. Nilimpa pole ya msiba, maana habari zilishafika mjini, akaitikia, akakaa juu ya debe lile lile.

"Haikuwa kosa lako, fundi," akaanza, na hapo nikaona heri angenitukana. "Ilikwenda vizuri mpaka Himo. Kuanzia Marangu ikawa nzito, nadhani ni mimi niliogopa utelezi nikabana mafuta. Mwika plagi ikaingia maji, ikazima. Nikaikausha kwa shati. Ikawaka, ikazima, mara saba. Ningekuwa na akili ningeifunga kwa mpira kabla ya kuondoka. Nilifika nyumbani jua limekuchwa."

"Na basi?"

"Basi lilifika saa kumi na moja. Baba alikuwa hai, anaongea. Akauliza, Remi yuko wapi? Ebenezeri akamwambia, amekataa basi, anakuja na skuta yake. Baba akasema, bado anaona haya kukaa na watu wa kwao. Akageukia ukutani. Hakusema neno jingine mpaka anakata roho, mimi sijafika." Akakwangua tope kwenye kiatu chake. "Nyumbani wote wanaamini hivyo. Mama hasemi na mimi. Nawaambia skuta ilikuwa na mbio kuliko basi, plagi tu ndiyo iliyoniponza, hawataki kusikia. Wanasema niliringa mpaka siku ya kufa kwa baba."

Nilikuwa nimeshika spana, nikaiweka chini. Ningeweza kumfungia plagi nikamwambia pole, mambo yakaishia pale. Shani alikuwa amesimama mlangoni na sinia, na hakuwa ananitazama usoni, alikuwa anatazama mikono yangu.

"Remigius," nikasema, "ile skuta haikuwa na mbio. Sikuitia mbio. Sikujua namna ya kuitia. Niliitia kelele, na kwa kuitia kelele niliipunguzia nguvu. Hukubana mafuta kwa woga, ilikuwa haiwezi. Na ile plagi niliiacha wazi mimi."

Hakuelewa mara moja. Nilimwona maneno yanamwingia moja moja.

"Siku ile ya basi," akasema, "nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alisimama. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari, hata mikono sikuinua. Lakini alisema tu, kwa sauti ndogo, "Utayasema haya mbele ya mama?"

Tukapanda basi la saa nane siku ile ile, yeye mbele, mimi nyuma, hatukusemezana mpaka Mkuu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hao hawajapita Mamsera kwenda Mkuu wakati wa masika.

Uani kwao tuliwakuta mama, kaka zake wawili na dada yao mkubwa, Priska. Wote vichwa vimenyolewa, nywele ndiyo kwanza zinachomoza, kama desturi yao ilivyo baada ya kuzika mzazi. Remigius peke yake alikuwa na nywele zake. Siku ya kunyoa walimpita, wembe ukaenda kwa mwingine, na mtu aliyepitwa na wembe katika msiba wa baba yake hahitaji tena kuambiwa kwamba hahesabiwi.

Nikamwamkia mama, "Shikamoo mama." Akaniitikia kwa kichwa. Nikasema niliyokuja kuyasema, nimesimama, maana hakuna aliyenipa kigoda. Mama Kiswahili alikisikia kidogo tu, kwa hiyo Priska alikuwa anamtafsiria kwa Kichagga cha kwao, sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye basi, Priska akasita.

"Nimwambie hivyo hivyo? Kwamba alikuuliza, na wewe ulijua?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akamwambia. Kaka mkubwa alitoa neno ambalo halikuhitaji kutafsiriwa, na mwenzake akamshika mkono. Mama aliitazama mikono yangu yenye oili, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaondoa macho kwangu na hakunitazama tena. Akamwambia Priska maneno mawili kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi.

Priska akaingia ndani. Alitoka na kibuyu cha maji, na mkono wa pili ameshika wembe. Remigius aliuona, akaenda kwa magoti mpaka pale alipokaa mama yake akalaza kichwa mapajani mwake, akilia kwa sauti mbele ya kaka zake. Mama akachota maji kwa kiganja, akaanza kuzilowesha zile nywele, taratibu, kuanzia utosini. Mimi sikuambiwa karibu wala kwaheri, nikatoka nikaenda kusimama barabarani kungoja basi.