Kanuni Ilisema Mbwa

Jumapili ya kwanza baada ya theluji kuanguka, halmashauri ya kanisa la Poiana Merilor ilikutana kama kawaida katika chumba cha nyuma, panapowekwa majoho na masanduku ya mishumaa. Dochia, anayeoka mikate ya ibada, alileta keki ya jozi na birika la kahawa. Padri Gherasim alikuwa amevua viatu na kuinyoosha miguu kuelekea jiko la kuni. Siku hiyo lilikuwapo jambo moja tu la kuamua, tena dogo: Saveta Morar aliomba aruhusiwe kuingia kanisani na mbwa wake.

Saveta alikuwa ameimba katika kwaya ya kanisa hilo tangu usichana wake, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zote. Macho yalipomzimikia, alijaribu kwenda kwa kushikwa mkono. Jirani aliyemwongoza alimwachia kidogo pale ngazini ili asalimiane na mtu, na Saveta akabiringika mpaka chini, akavunjika mfupa wa bega. Ndipo chama cha vipofu cha mjini kikampa Griva, mbwa mweusi mwenye mkanda kifuani. Griva hakuwa na mtu wa kusalimiana naye.

"Mimi sioni ubaya," alisema Dochia. "Mbwa mwenyewe ana adabu kuliko wajukuu zangu."

Padri alimgeukia Sever Pantea. Sever alikuwa jaji mstaafu, na katika mji ule akishasema yeye, mambo yamekwisha. Alifuta miwani, akasimama. Hakuwa na kinyongo chochote na Saveta. Alipenda tu kusema vizuri, na asubuhi ile maneno yalimjia yenyewe.

"Ndugu zangu, shida si mbwa," alisema. "Shida ni mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tunamwonea huruma Saveta, anaingia na mbwa. Haya. Kesho muuza maziwa ataingia na punda wake na madebe yake, atuambie na yeye miguu inamsumbua. Tutamkataliaje? Keshokutwa atakuja bibi kizee na bata bukini wake, eti akimwacha nyumbani analia. Na iko siku, nawaambieni, tutainua macho tumwone dubu kavua kofia, anawasha mshumaa!"

Walicheka mpaka Padri akafuta machozi. Dochia naye alicheka, mkono ukiwa mdomoni. Kisha wakanyoosha mikono, na kanuni ikapita kwa maneno aliyoyapanga Sever mwenyewe: mbwa haingii kanisani. Sever akarudi nyumbani, akala ugali wa njano na jibini la kondoo, akajilaza. Alilala vizuri.

Jumapili iliyofuata punda alikuja. Poiana Merilor haikuwa na muuza maziwa tangu kiwanda kilipofunguliwa kule bondeni, lakini punda huyo alikuwa na madebe mawili ubavuni, na maziwa yake yalikuwa ya kukamuliwa asubuhi ile. Alifika peke yake. Alipanda ngazi taratibu, akasimama upande wa wanaume, karibu na nguzo. Watu walisogea kumpisha. Mzee mmoja alinung'unika kwamba madebe yanagongana wakati wa Injili, basi mtu akavua skafu yake akaipachika katikati, yakanyamaza.

Baadaye alikuja bibi kizee na bata bukini. Hakuna aliyemjua bibi huyo, na hakuna aliyemuuliza kwao ni wapi. Walimpa kiti. Bata hakulia hata mara moja, kwa kuwa hakuachwa nyumbani.

Dubu alifika karibu na Krismasi. Alivua kofia mlangoni, kofia ya manyoya ya kondoo, akapangusa nyayo kwenye mkeka, akachukua mshumaa na kuuwasha bila kujiunguza. Akina mama walisema tu kwamba ananuka majani yaliyooza, na kwamba mtu mwenye kimo kile angesimama kando asiwazibe wenzake. Dubu akasogea ukutani.

Ibada ilipokwisha Sever alimvuta Padri pembeni.

"Baba, hawa wanaingiaje humu?"

"Kwa mlango," alisema Padri.

"Nauliza kwa ruhusa ya nani."

"Kanuni ilisema mbwa, Mheshimiwa. Si uliipanga wewe? Haikusema punda. Haikusema dubu."

Muda wote huo Saveta alikuwa nje. Alikuja kila Jumapili, akasimama chini ya ngazi na Griva kando yake, shali imefungwa mpaka kidevuni. Ndani kwaya ilianza juu mno au chini mno, maana hapakuwa na wa kuwashikisha sauti. Kisha sauti ya Saveta ilipenya kwenye mbao za mlango, nyembamba na sahihi, na kwaya ikajirekebisha taratibu kuifuata. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Watu walisema kwaya imeanza kupata nafuu.

Sever alikuwa akiisikia sauti ile, na kila alipoisikia alimkumbuka marehemu mkewe, Letitia. Siku walipomzika mvua ilimwagika, kwaya yote ikakimbilia chini ya paa, lakini Saveta alibaki kaburini akauimba wimbo mpaka mwisho, maji yakimtiririka usoni. Saveta na Letitia walikuwa marafiki tangu shuleni. Sever alikuwa amelijua hilo hata alipokuwa amesimama na hotuba yake. Tatizo ni kwamba wakati ule halikumjia akilini, na la dubu lilimjia.

Baada ya sikukuu akaenda kwa Saveta. Alimkuta jikoni akichambua maharage kwa vidole.

"Shemeji, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini? Ulisema watakuja. Si wamekuja?"

"Wamekuja kwa sababu nilisema."

Saveta alilitoa jiwe kwenye maharage, akaliweka pembeni. "Nasikia dubu ana adabu."

"Ana adabu."

"Basi heri. Mimi nilitaka mahali pa kusimama tu, shemeji. Wala sikuja na mtu nyuma yangu."

Sever hakukaa kunywa chai. Jumapili iliyofuata aliiomba halmashauri iifute kanuni. Safari hii hakufuta miwani, na maneno hayakumjia yenyewe. Alisema kwamba alikosea, akakaa. Dochia alikuwa akiitazama meza.

"Mheshimiwa," alisema Padri kwa upole, "tunakuheshimu. Lakini leo tukiifuta hii kwa kuwa wewe umejuta, kesho kila aliyejuta atakuja na yake. Tutabaki na kanuni gani?"

Wote wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa limesemwa vizuri. Katika maisha yake yote ya mahakamani Sever hakuwahi kuhitaji kumjibu mtu.

Wiki iliyofuata baridi ilikuwa kali. Ibada ikiwa katikati, sauti ya Saveta ilianza kukatikakatika kule nje. Sever alirudi nyuma polepole, akaufungua mlango kidogo ili imfikie kila mtu.

"Mheshimiwa, hebu funga mlango," mtu alimnong'oneza. "Dubu anapata baridi."

Akaufunga, lakini akiwa upande wa nje. Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Griva alisogea kumpisha.

"Nani?" aliuliza Saveta.

"Ni mimi, shemeji."

"Umesahau nini huku?"

"Nimekuja kusimama."

Saveta alicheka mpaka akakohoa. "Rudi ndani, jaji mzima wewe! Leo umetoka wewe. Kesho atatoka Dochia na mikate yake, keshokutwa kwaya nzima, na iko siku Padri atajikuta anamhubiria dubu peke yake."

"Mungu akusikie," alisema Sever.

Alisimama pale Jumapili hiyo, na iliyofuata, na zote za Kwaresima. Hakujua kuimba, basi alimshikia Saveta glavu alipotaka kupumulia vidole vyake. Kila bawaba za mlango zilipolia aligeuza kichwa. Mara moja Dochia alitoka, akawapa kipande cha mkate kila mmoja, Griva naye akapewa chake, kisha akarudi ndani upesi kwa sababu ya baridi. Zaidi ya hapo hakutoka mtu.