Visigino vya Kaka

Nyonga ya kushoto ilikuwa haimpi Wing-sang raha. Akikaa inauma, akisimama inauma, akilala ndiyo kabisa. Na Mwaka Mpya ulikuwa unabisha hodi, naye ndiye mkia katika ngoma ya simba ya mtaa wao pale Foshan, Uchina, simba wa kitambaa anayechezwa na watu wawili: anainama ndani ya kitambaa, kaka yake Gam-tong anacheza kichwa mbele, na ngoma ikipamba moto kaka huruka akasimama juu ya mapaja yake. Mkia ukilegea, simba mzima yuko chini. Na kaka, aliyekililia kichwa kile tangu utotoni, angenyang'anywa.

"Tulia wewe! Unafurukuta kama kambare," alifoka Mwalimu Tsui, ambaye alifundisha ngumi na kutengeneza mifupa ya hao hao aliowafundisha. Alimpaka mvinyo wa dawa wenye uvuguvugu, akamzamishia kiwiko takoni. Wing-sang akauma mto.

"Lala ubavu. Inua mguu, ukaze nisiweze kuushusha."

Mwalimu akausukuma kwa vidole viwili tu. Mguu ukaanguka puu.

"Msuli umelala huu."

"Si nilisema?" Gam-tong alicheka pale mlangoni. "Mtu mvivu mpaka misuli yake."

Wing-sang naye akacheka.

Ikawa ndiyo kazi. Asubuhi anachuliwa, anainua mguu mpaka jasho linamtoka, nguvu zinarudi. Jioni anatoka mazoezini anachechemea upya. Mwishowe mzee akachoka.

"Nateka maji kwa pakacha! Hebu chezeni hapa hapa, nione. Bila kitambaa."

Wing-sang aliinuka polepole. Bila kitambaa, kila mtu angeona anachokiona yeye. Mkia hauoni kitu ila visigino vya kichwa. Na tangu kaka alipoteleza kwenye nguzo za mazoezi majira yale ya majani kupukutika, akasema ni mkwaruzo tu, kisigino chake cha kulia hakikukanyaga sawasawa tena. Akiruka, uzito wote unashukia paja la kushoto. Wing-sang alijua, akameza. Afadhali nyonga yangu, alijiambia, kuliko kichwa cha kaka.

Gam-tong akaruka. Mwalimu alitazama mara moja tu.

"Shuka. Lala wewe."

"Mimi? Mgonjwa si huyu?"

"Lala, nimesema!"

Mguu wa kulia wa Gam-tong haukungoja vidole viwili. Kimoja kilitosha.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mzee alisema, hasira zimempanda. "Namchua huyu mpaka kiwiko kinaota sugu, kumbe mgonjwa amesimama juu yake!"

Gam-tong alimgeukia mdogo wake. "Ulijua?"

"Mwaka mzima natazama visigino vyako, kaka. Nisijue vipi?"

"Na ukanyamaza?"

"Na wewe je?"

Gam-tong akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Aibu ile ya kaka ilimuuma Wing-sang kuliko nyonga.

Mwalimu hakumbembeleza. Mguu ule ulitaka kuchuliwa na kuzoezwa kwa miezi. Ukilazimishwa, simba ataanguka mbele ya watu. Kichwa apewe binamu yao Mei-fong, ambaye siku zote alikuwa akijifunza pembeni.

"Yule kimbaumbau?" Wing-sang alidakia.

"Kimbaumbau mwenye miguu miwili," alijibu Gam-tong mwenyewe. Akainuka, akaenda kumwita, na ndiye aliyemfundisha.

Asubuhi ya Mwaka Mpya Gam-tong alikaa kupiga ngoma. Fataki zikalia. Ndani ya kitambaa Wing-sang aliinama, Mei-fong akaruka, na visigino vyote viwili vikatua sawia juu ya mapaja yake. Nyonga ilinyamaza kimya. Simba akasimama wima, watu wakapiga kelele za furaha, naye akamshika binamu yake kiuno barabara asitikisike.

Kisha akaangalia vile visigino vidogo, vinyoofu, visivyo vya kaka, akalia. Hakuna aliyemwona. Nje, Gam-tong alizidi kuipiga ngoma.