Mwali wa Darasa la Saba

Mwalimu Laurentia alikuwa na mdomo, na kijiji kizima cha Kurui kilijua. Mwaka ule wa sabini na tisa, redio ilipotangaza kwamba serikali mpya ya Iran, iliyojiita ya dini, imewaondoa wanawake kwenye ujaji, aliibeba habari hiyo mpaka kwenye kipindi cha siasa cha darasa la saba.

Kesho yake Mzee Zahoro wa kamati ya shule akaja kukaa dawati la nyuma. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu Mkristo anaitukana dini ya watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Endelea, mwalimu, nakusikiliza."

Akaendelea. Alieleza jinsi wanawake wale walivyosoma sheria na kuhukumu kesi, na sasa wanaambiwa kiti hicho si chao. Zahoro akatikisa kichwa.

"Huo ni uonevu. Dini haikumkataza mwanamke elimu. Hao wanaisingizia."

Laurentia akashusha pumzi. Hapo ndipo Mboni, binti asiyejua kunong'ona, alipoinua mkono.

"Mwalimu, na Mwamini aliyewekwa ndani, amekatazwa na serikali ipi?"

Vichwa vikageukia dawati la nyuma. Mwamini alikuwa binti wa Zahoro. Tangu avunje ungo alikuwa mwali, haonwi na mwanamume, na mtihani wa kumaliza shule ulikuwa umekaribia. Laurentia alishakwenda kumwombea ruhusa ya kurudi shuleni, akaishia mlangoni.

"Hiyo ni mila," Zahoro akasema, akaondoka bila kuaga.

Laurentia alimkasirikia Mboni, kisha akajikasirikia mwenyewe. Swali lile lilikuwa lake kuliuliza. Yeye aliona rahisi kuwatetea wa mbali.

Asubuhi ya mtihani kungwi alimleta mtu aliyefunikwa gubigubi kwa shuka jeusi la kaniki. Zahoro alifuata nyuma. Msimamizi, mwanamume kutoka Kisarawe, akasema hampi karatasi mtahiniwa ambaye hajamwona uso.

"Mwali haonwi," kungwi akajibu. "Tunarudi."

Laurentia alifungua kinywa, lakini baba mtu akamtangulia. Zahoro akasogea karibu na binti yake.

"Mwanangu, unataka kuandika?"

Kichwa kikainama kuitikia ndani ya kaniki.

"Basi mfunue," akamwambia kungwi. "Mimi ndiye niliyemwingiza ndani."

Mwamini akafumba macho kwa ukali wa mwanga. Alikuwa amepauka kwa kukosa jua. Akamwamkia mwalimu wake, kisha akauliza akae wapi.